Siku Tulipoudai Ukoko

Nilipokuwa mtoto wa chuo cha Kurani, wakubwa wetu walikuwa wakisema "siasa imeingia", na mimi nikadhani siasa ni maradhi kama surua, kwa sababu kila ilipoingia nyumba, watu walipandisha sauti na hawakula vizuri. Maneno mengine yaliyokuwa yakipita juu ya vichwa vyetu siku zile ni mkoloni, mgomo, susio, kibaraka na uhuru. Sisi watoto tukiyaimba njiani tu, kama tunavyoimba jambo lolote lenye sauti nzuri. Alhamdulillahi, Mwenyezi Mungu amenipa umri na nimeyasikia tena, mara hii kutoka kwa mjukuu wangu wa kike aliye kidato cha pili, akiyasoma kwa sauti huku mdomo umejaa muhogo. Na mara hii niliyaelewa vizuri sana, kwa sababu ya ukoko.

Ukoko ni ule wali ulioshika chini ya sufuria, mkavu, mwekundu, unaolia mdomoni. Ukoko wa nyumbani ni ugomvi wa watoto, hauna heshima kubwa. Lakini ukoko wa pilau ya maulidi ni kitu kingine. Sufuria la mtaa wetu hapa Tibirinzi ni kubwa, mtu mzima akiinama kulisugua humwoni kichwa. Hupikwa nje kwa kuni za mkarafuu. Mafuta, bizari na utamu wa nyama vyote huteremka taratibu vikatulia chini, na kinachoganda pale si chakula tena, ni cheo.

Desturi yetu tangu kwa mama zetu ni hii. Wanaume hupika, kwa sababu sufuria lile linataka mikono ya watu wa kubeba magogo. Wanawake huchagua mchele, humenya vitunguu thomu na mbatata, hukuna nazi. Watu wakishakula, sufuria hubebwa na ukoko wake hadi kwenye uwanja wa wanawake, na mwanamke mkubwa kuliko wote ndiye anayeubandua na kuugawa. Mkubwa huyo kwa sasa ni dada yangu. Mungu amemchukulia meno karibu yote na miguu nusu, lakini hakumchukulia haki yake. Huuchovya ukoko kwenye chai ya rangi mpaka ulainike, halafu huunyonya, macho ameyafumba. Mwaka mzima hatoki nyumbani. Hutoka siku ya maulidi tu, amebebwa juu ya kiti, na kanga mpya, kwenda kugawa ukoko.

Mwaka mmoja, kamati ya maulidi ilileta mpishi mgeni, mtu wa kisiwa cha Makoongwe. Fundi kwelikweli, sisemi uongo, pilau yake ilinukia mpaka Chake sokoni. Lakini watu walipokwisha kula, alichukua pauro, lile koleo lake la kupakulia, akaukwangua ukoko wote, akautia kwenye ndoo, akafunika na kuondoka nao. Dada yangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake na kikombe cha chai mkononi. Alingoja. Chai ikapoa, ikaota utando. Tulipomwambia, hakugomba wala hakulia. Alisema tu:

"Basi mwakani msinibebe. Nije kufanya nini?"

Neno hilo lilinikaa kifuani mwaka mzima. Mtu mzima akishasema nije kufanya nini, hasemi habari za maulidi peke yake.

Ukaja Mfungo Sita mwingine, mwezi wa maulidi. Mjukuu wangu alikuwa na jaribio la historia, na akitaka nimsikilize maneno yake. Tulikuwa ukumbini, mimi namenya mihogo, dada yangu amelala juu ya mkeka.

"Ukoloni ni nini?" nikamuuliza.

"Ni mtu kutoka nje kuja kwenye nchi ya watu, akachukua mali yao, na huku anawaambia anawasaidia."

Dada yangu, ambaye tulidhani kalala, akafungua jicho moja.

"Huchukua kwa ndoo?"

"Kitabu hakikusema, bibi."

"Basi waambie wenye kitabu. Huchukua kwa ndoo, tena yenye mfuniko."

Mjukuu wangu akanitazama, nami nikamtazama. Nadhani harakati zetu zilianza hapo, juu ya maganda ya mihogo.

"Na kibaraka?" nikauliza.

"Mwenyeji anayemfanyia kazi mkoloni, akapewa na cheo kidogo."

Saa hiyo hiyo mume wangu akaingia kutoka msikitini, kofia imekaa sawa, tasbihi mkononi. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya maulidi, na ndiye aliyempigia simu mpishi wa Makoongwe. Sote tukamgeukia.

"Mnanitazama nini?"

"Shikamoo, mume wangu," mjukuu wake akamwambia.

"Marahaba, mke wangu. Kuna nini humu?"

"Babu, wewe ni kibaraka."

"Mie ni mwenyekiti."

"Kitabuni nao wana vyeo vyao vyote."

Mzee alicheka, lakini alikwenda kukaa upande wa pili wa ukumbi.

Tulianza kwa utaratibu, kama watu waliosoma. Mjukuu wangu alisema mapambano huanza na ujumbe kupeleka madai. Basi tukaunda ujumbe: mimi na majirani zangu, tumevaa mabuibui yetu ya kutokea, tukatoka mlango wa nyuma wa nyumba yangu, tukazunguka, tukabisha hodi mlango wa mbele wa nyumba yangu, kuonana na mwenyekiti. Alitukaribisha vizuri sana. Akaniambia mimi nikawatilie wageni chai. Nikasema leo mimi ni ujumbe, siwezi kutia chai. Ikabidi atie mwenyewe, na ndiyo siku ya kwanza kujua sukari yetu inakaa wapi.

Alisikiliza madai, akasema kamati italitazama jambo hilo. Kamati ikalitazama. Jibu likaja kwamba mpishi anasema ukoko ni wa mpishi kama ngozi ilivyo ya mchinjaji. Nikamwambia mume wangu, mbele ya majirani, kwamba hata ngozi ya mnyama wa udhiya, anayechinjwa Idi Kubwa, haifai kupewa mchinjaji kuwa ndio ujira wake, hilo tulilisoma chuoni kabla sijaota meno ya pili, na yeye alikuwa amekaa mkeka wa mbele yangu.

"Hiyo udhiya," akasema. "Hii pilau."

"Nami nakupa mfano tu."

"Haya. Basi kamati iko tayari kuwapa ukoko wanawake wa upande wa juu, kwa kuwa ndio walio karibu na jiko. Wa upande wa chini tutawatazama mwakani."

Subhanallah! Mtaa wetu uko kwenye mteremko, na hatukuwahi kukumbuka kwamba kuna wa juu na wa chini mpaka siku ile. Alasiri nzima wa juu hawakuwaazima wa chini hata kibiriti. Mmoja wa chini akasema maji machafu ya wa juu ndiyo yanayomwozeshea migomba yake, na kwamba amevumilia miaka. Alikuja kutuokoa mjukuu wangu, anakimbia kutoka skuli, mkoba unamrukaruka mgongoni.

"Bibi! Hiyo ndiyo gawa uwatawale! Tumesomeshwa leo!"

Tukaona haya, tukaombana radhi, wa juu na wa chini. Jambo la migomba tuliliacha kando, lakini halikufa.

Baada ya hapo tukaingia kwenye mgomo. Tulikubaliana kwamba mwaka huu hakuna atakayechagua mchele. Hatukuapa, maana kiapo kina kafara yake, tulikubaliana tu. Wapike na mawe yao, tulisema. Magunia ya mchele yaliwekwa kwenye banda la nyuma ya msikiti, na sisi kila mmoja akakaa kwake, mikono kifuani.

Niliweza mpaka Alasiri. Nilipotoa salamu nikabaki juu ya msala, shetani ananiambia kaa, na moyo unaniambia: wewe mwanamke mzima, mchele wa maulidi ya Mtume utapikwa na changarawe, na thawabu zake umezisusia kwa ajili ya ukoko? Nikachukua ungo wangu, nikauficha ndani ya buibui, nikapita njia ya nyuma, kwenye majani. Nilisema moyoni, nitachagua kidogo tu, peke yangu, mgomo usijue.

Nilipousukuma mlango wa banda nikamkuta jirani yangu wa upande wa chini, ungo mapajani.

"Umekuja kufanya nini?" akaniuliza, wa kwanza yeye.

"Nimekuja kutazama kama mgomo unaendelea."

"Unaendelea."

"Alhamdulillahi. Sogea kidogo."

Hatujakaa, mlango ukasukumwa tena. Halafu tena. Kila anayeingia alikuwa amekuja kuulinda mgomo, na kila mmoja ungo unamchomoza kwenye buibui kama mimba isiyo na adabu. Mwisho tulikuwa sote mle ndani, wa juu na wa chini, tumebanana, tunapeta na kunong'ona ili wanaume wasijue kwamba tumegoma kwa namna hii. Dada yangu hakuweza kuja, lakini alituma ungo wake. Mchele wa mwaka ule haukuwa na jiwe hata moja. Tuliuchagua kwa hofu, na mchele ukichaguliwa kwa hofu huwa safi.

Mjukuu wangu alitukuta hivyo. Alisimama mlangoni, akatutazama mmoja mmoja.

"Bibi, nitamwuliza mwalimu, lakini sidhani kama mgomo ndivyo unavyofanywa."

Nikamwambia, "Mke mwenzangu, kaa uchague."

Tukabaki na susio. Nalo tulilijadili jioni ukumbini kwangu, na nalo likatushinda, kwa sababu chakula cha maulidi ni tabaruku. Ukimsusia mpishi, sawa. Lakini sahani ile ina baraka ya Mtume, nani atathubutu kuisukuma? Mmoja wetu alisema labda tuisusie kwa kula kidogo. Tulikata tamaa. Mjukuu wangu alikuwa ameshalala na kitabu chake usoni.

Dada yangu akauliza kutoka mkekani kwake:

"Maulidi siku gani?"

"Jumatatu."

"Basi mie Jumatatu nafunga."

"Dada, daktari kakukataza. Una dawa za mchana."

"Najua kanikataza. Nyie kawakataza?"

Nilimbusu kichwa. Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, alikuwa akifunga Jumatatu, na alipoulizwa akasema ndiyo siku aliyozaliwa. Kufunga siku ya Jumatatu katika maulidi, nani angetuambia neno? Si kususia chakula, si kudharau tabaruku, wala hapana dhambi ndani yake hata chembe. Elimu ya skuli ilikuwa imefika mwisho wa njia, na elimu ya chuoni ikaishika mkono.

Siku ya maulidi ilikuwa nzuri. Kulisomwa, kukaliwa, watu wakasimama kwenye kiyamu, harufu ya udi ikachanganyika na ya pilau mpaka nikaomba Mungu anilinde na nafsi yangu. Dada yangu tulimbeba juu ya kiti chake. Hakutaka, nikamwambia njoo utazame tu. Alikuja na kanga mpya, amekwisha kula uji na dawa zake, lakini kikombe alikiacha nyumbani.

Baada ya sala ya Adhuhuri, masinia yakaletwa upande wetu. Tukayapokea kwa heshima, tukayafunika kawa, tukayarudisha. Mara mume wangu akaja nyuma ya pazia.

"Kuna nini? Chumvi imezidi?"

"Chakula kizuri, mashaallah. Tumefunga."

"Nyote?"

"Sote, ila dada na dawa zake."

"Na yule mwenye kunyonyesha?"

"Yule anakula. Lakini anakula kwa huzuni."

Akaenda, akarudi na shehe wa msikiti. Shehe akakohoa nyuma ya pazia, akatukumbusha kwa upole kwamba mwenye kufunga sunna akialikwa, anaweza kufungua ili kumfurahisha mwenyeji wake, na kuna kheri ndani yake.

"Kweli kabisa, shehe, Mungu akuzidishie," nikamjibu. "Na ndivyo tulivyosoma pia kwamba mwenye saumu ya sunna ni amiri wa nafsi yake. Akitaka hufungua, asipotaka hafungui."

Shehe akacheka, pazia likatikisika.

"Basi nyie leo ni maamiri. Mie siamrishi maamiri."

Mjukuu wangu akaninong'oneza sikioni: "Madaraka ya ndani, bibi. Bado uhuru wenyewe."

Sasa wanaume wa kwetu wanajua dini yao, na wanajua thawabu za anayemfuturisha aliyefunga. Habari ilipoenea kwamba wanawake wa mtaa mzima wamefunga, kamati ikaanza kugombania kutufuturisha, na mume wangu akakata shauri haraka kabla mwingine hajazipata thawabu hizo. Akaamrisha pilau yetu yote irudishwe sufuriani, jiko liachiwe makaa, na mfuniko upaliwe makaa juu, ibaki na moto mpaka Magharibi.

Mpishi alikuwa amekwisha kunawa. Pauro lake mkononi, ndoo ubavuni.

"Mwenyekiti, na ukoko wangu?"

"Uko chini."

"Chini ya nini?"

"Chini ya futari ya watu."

Maskini ya Mungu. Alikaa juu ya ndoo yake kando ya jiko, akawa anatazama sufuria, kisha jua, kisha sufuria. Ilikuwa lazima awahi gari ya Mkoani, kisha chombo cha kumvusha kwao Makoongwe kabla ya giza. Baada ya Alasiri akaja mlangoni kwa wanawake, kofia mkononi, sauti ya chini.

"Bi Mkubwa, shikamoo. Samahani. Hamwezi kufuturu mapema kidogo?"

Wanawake walijifunika nyuso kwa kanga kwa kucheka. Dada yangu peke yake hakucheka.

"Marahaba, mwanangu. Lile jua halimo katika kamati."

"N'na safari, bi mkubwa."

"Nakuona. Kwenu Makoongwe, sufuria la harusi likimalizika, ukoko anakula nani?"

Mpishi akainamisha kichwa. Akakuna kisogo.

"Bibi yangu," akasema.

"Angali hai?"

"Yu hai."

"Msalimie sana. Mwambie mwenzake yuko Tibirinzi."

Gari ikapiga honi kule barabarani. Dada yangu akasema mgeni asirudi na ndoo tupu, wakamfungulia sufuria, wakamjazia pilau ya juu juu, ile laini, ya kumtosha na bibi yake. Wala hakugusa chini. Aliondoka anakimbia, mfuniko wa ndoo unagonga, na nusu ya njia akageuka akaniita:

"Palieni makaa upande wa kushoto, kumepoa!"

Fundi ni fundi. Tukapalia.

Jua lilipozama tukafuturu kwa tende na maji, tukasali Magharibi, tukala pilau. Kisha likaja sufuria, limebebwa na kamati nzima, mume wangu akiwa mbele. Sijapata kuona ukoko kama ule. Moto wa mchana kutwa ulikuwa umeutengeneza ukawa mnene kama kigae, mwekundu, ukiugonga unaitika. Dada yangu akapewa pauro. Mkono wake haukuwa na nguvu. Nikaushika kwa juu, tukasukuma pamoja, na ukoko ukabanduka kwa mlio ambao watoto waliupigia makofi.

Hapo hapo uhuru ukatuletea mambo yake. Mmoja akasema yeye ndiye wa kwanza kutia nia ya saumu, basi apewe pande la katikati. Mwingine akasema yeye alikuwa katika ujumbe. Yule mwenye kunyonyesha akasema yeye ameteseka zaidi, kwa kuwa alikula peke yake. Na jirani wa upande wa chini akaikumbuka migomba yake.

Dada yangu akagonga sufuria kwa pauro, ngaa!

"Haujapoa bado, mshagombana? Kaeni!"

Tukakaa. Akagawa mmoja mmoja, wa juu na wa chini, pande sawasawa, na mwenye kunyonyesha akaongezwa kwa ajili ya mtoto. Alipomaliza akatazama upande wa pazia, ambako kivuli cha mume wangu kilikuwa kimesimama muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Mpeni na kibaraka," akasema. "Yule ana meno."

Mzee alilipokea pande lake kwa mikono miwili, akalila hapo hapo, ameipa kamati mgongo.

Mjukuu wangu alikuwa ameshakimbia nyumbani kuleta kikombe. Dada yangu akachovya, akangoja, akanyonya, akafumba macho. Ukoko ulikuwa unalia midomoni mwetu kama mvua juu ya makuti. Nilimshukuru Mola wangu kwa neema nyingi, na kwa hii.

Kisha akafungua jicho moja.

"Mwakani maulidi siku gani?"

Nikahesabu kwa vidole. "Mungu akituweka hai, Ijumaa."

"Ijumaa peke yake haifungwi sunna."

"Haifungwi, dada."

Akatia ukoko tena kwenye chai, akautazama unavyolainika.

"Basi unishonee kanga mapema," akasema, "na ujumbe uende kabla ya Ramadhani."